Mwanza ilijua kupima dawa, korona ilipokuja haikuulizwa

Dawa iliyookoa wagonjwa mahututi wengi wa korona haikupigiwa debe na rais yeyote. Ni deksamethasoni, dawa iliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ya bei ya chini, ambayo muda wote ule wa taharuki ilikuwa imekaa kwenye rafu za maduka ya dawa ya Igoma, Buhongwa na Kirumba, hapa Mwanza. Mtaani wengi waliijua kwa kazi nyingine kabisa. Wapo wanaoimeza ili wanenepe, na muuzaji asiye na haya huwapa kwa kuhesabu vidonge, anakata karatasi yake kwa mkasi, anafunga kwenye kipande cha gazeti, basi.

Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Peter Horby na Martin Landray, walitangaza matokeo ya dawa hiyo kutoka jaribio lao lililoitwa RECOVERY. Wagonjwa 2,104 waliolazwa hospitalini Uingereza walipewa deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10. Wengine 4,321 walipata huduma ya kawaida bila dawa hiyo. Nani aingie upande upi iliamuliwa kwa kura ya kompyuta. Daktari hakuchagua, mgonjwa hakuchagua. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 29.3 kwa waliopata dawa, dhidi ya asilimia 41.4 kwa wasiopata. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni bila mashine, asilimia 23.3 dhidi ya 26.2.

Halafu kuna kundi la tatu, ambalo kwetu ndilo la kutazamwa kwa makini. Wagonjwa waliolazwa lakini hawakuhitaji oksijeni, wakapewa deksamethasoni, walikufa asilimia 17.8. Wenzao ambao hawakupewa walikufa asilimia 14.0. Tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati tu, lakini hakuna anayeweza kuitazama akasema dawa iliwasaidia. Sababu yake inaeleweka: deksamethasoni haiui kirusi, inatuliza kinga ya mwili iliyopandwa na hasira ikaanza kuunguza mapafu. Mgonjwa ambaye kinga yake bado inapambana vizuri, ukiituliza unamsaidia adui. Kwa hiyo kidonge kilekile kinachomtoa mtu kaburini wodini kinaweza kumsogeza kaburini akikimeza nyumbani siku ya pili ya mafua. Hakuna daktari duniani, hata awe bingwa namna gani, ambaye angeijua mipaka hiyo kwa kuangalia wagonjwa wake mwenyewe. Ilitakiwa kura, na walitakiwa maelfu.

Sasa ilinganishe na klorokwini. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna historia ndefu na dawa hiyo. Aliyekulia huku kabla ya mwaka 2001, ilipoondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini, anaukumbuka uchungu wake ulimini na ule mwasho wa usiku kucha uliomfanya mtoto aombe bora abaki na homa. Ilipoanza kusemwa kwamba klorokwini na nduguye haidroksiklorokwini zinaua kirusi cha korona kwenye vyombo vya maabara, wengi walifurahi: kumbe dawa ya bibi! Machi 2020 mtafiti Didier Raoult wa Marseille, Ufaransa, na wenzake walitoa utafiti wa wagonjwa 36 wakidai haidroksiklorokwini inafukuza kirusi haraka. Waliopewa dawa walianza wakiwa 26. Sita hawakuingizwa kwenye hesabu ya mwisho, na kati ya hao sita watatu walikuwa wamehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi na mmoja alikuwa amekufa. Yaani dawa ilipimwa kwa kuwaacha nje waliozidiwa. Utafiti huo uliondolewa rasmi na jarida lililouchapisha Desemba 2024, zaidi ya miaka minne baadaye.

Lakini hiyo miaka minne nani aliingoja? Rais Donald Trump aliisifu dawa hiyo hadharani siku hizohizo za Machi. Tarehe 28 Machi mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa dharura, na tarehe 15 Juni ikaifuta ruhusa yake. Lagos watu walilazwa kwa sumu ya klorokwini waliyojinywesha. Arizona mwanamume mmoja alikufa baada ya kunywa kemikali ya kusafishia tangi la samaki, kwa kuwa kwenye chupa palikuwa na jina la klorokwini. RECOVERY ilipokuja kupima, wagonjwa 1,561 waliopewa haidroksiklorokwini walikufa asilimia 27.0, na 3,155 wasiopewa wakafa asilimia 25.0. Haikusaidia. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililoitwa Solidarity, lililofanyika katika nchi 30, lilifika hapohapo. Azithromaisini, ambayo ilimezwa kila mahali kama njugu, nayo ilipimwa RECOVERY: asilimia 22 walikufa upande huu, asilimia 22 upande ule.

Kwa nini basi kila mtu alikuwa na jirani aliyepona kwa dawa fulani? Kwa sababu jirani kweli alipona. Wagonjwa wengi wa korona walipona bila dawa yoyote ya kuiua. Ukimpa kila mmoja wao maji ya mchele, wengi wataishuhudia maji ya mchele kwa machozi ya furaha, na hawasemi uongo. Wavuvi wa dagaa wanalijua jambo hili kuliko wasomi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzika. Mwenye mtumbwi akinunua taa mpya za sola wiki ambayo mwezi umezama, akajaza ndoo mpaka zikamwagika, atarudi mwaloni akisifia taa. Ukitaka kujua kama ni taa au ni giza, lazima mitumbwi mingine iende usiku uleule na taa za zamani. Na ugawaji wa taa usiuache kwa wenye mitumbwi wenyewe, kwa sababu nahodha hodari ndiye atakayekimbilia mpya, kisha hutajua tena ni taa, ni giza au ni nahodha. Piga kura. Jaribio la dawa ni hilo tu, mengine ni makaratasi.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo nadhani hatulisemi vya kutosha: kura hiyo haikuwa ngeni Mwanza. Ilipigwa hapa, mara nyingi, na matokeo yake yanasomwa na wanafunzi wa afya ya jamii kote duniani.

Mwaka 1991, UKIMWI ukiwa umeshapiga hodi kila nyumba kuanzia Kagera hadi huku kwetu, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, na wenzao wa London walianza kuuliza swali la dawa zilizopo. Hapakuwa na dawa ya kuzuia VVU. Lakini zilikuwepo dawa za kawaida za kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa. Je, zahanati zikifundishwa kuyatibu vizuri, dawa zikapelekwa bila kukatika, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Walichukua jamii 12 mkoani Mwanza, wakazipanga jozi sita zinazofanana, na katika kila jozi kura ikaamua ipi ianze kupata huduma na ipi ingoje. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa VVU kwenye jamii zilizopata huduma walikuwa asilimia 1.2, na kwenye zile nyingine asilimia 1.9. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 na dunia ikashtuka: vidonge vya kisonono vimepunguza VVU kwa takriban asilimia 40.

Angekuwa mtu wa kampeni angeishia hapo. Lakini ng'ambo ya ziwa, Rakai, Uganda, wenzetu walijaribu kwa njia nyingine: walizipa jamii nzima dawa kila baada ya miezi 10, mgonjwa na asiye mgonjwa, azithromaisini ikiwamo (ndiyo, ileile). Hapakuwa na tofauti ya VVU. Maji ni yaleyale, samaki ni walewale, jibu lingine. Wataalamu walibishana kwa miaka, na katika kubishana huko wakajifunza kwamba matibabu ya magonjwa ya zinaa yanazuia VVU zaidi pale ambapo janga ndiyo kwanza linaanza kusambaa, na kwamba kumtibu mwenye dalili si sawa na kugawa vidonge kwa wote.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha asikilova. Hii ni dawa ya zamani ya malengelenge. Ilionekana kwamba mwanamke mwenye kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi, hivyo hoja ikawa nyepesi: tuliza malengelenge kwa asikilova, utapunguza VVU. Kila kitu kilipatana. Wanawake 821 wanaofanya kazi kwenye baa, nyumba za wageni na vibanda vya chakula huku kaskazini-magharibi mwa Tanzania walikubali kushiriki. Nusu walipewa asikilova, nusu vidonge vinavyofanana navyo ambavyo havina dawa ndani. Wala wao wala wauguzi hawakujua nani anameza nini. Matokeo yalitoka mwaka 2008: walioambukizwa VVU upande wa asikilova 27, upande wa vidonge vitupu 28.

Ishirini na saba kwa ishirini na nane. Hoja iliyokuwa nzuri kwenye karatasi iliangushwa na wahudumu wa baa waliokuwa wakirudi kliniki miezi na miezi, wakitolewa damu, wakihesabiwa vidonge vilivyobaki. Bila wao, kliniki za Afrika nzima huenda zingekuwa zinagawa asikilova ya kila siku kwa mamilioni ya wanawake kwa kazi ambayo haifanyi. Sijawahi kuona mtaa wala sanamu ya kuwakumbuka, lakini mchango wao katika tiba ni mkubwa kuliko wa wanasiasa wengi tuliowapa barabara.

Na kazi haikuishia hapo. Wasichana 930 wa Mwanza walishiriki jaribio la chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi lililouliza kama dozi moja inatosha badala ya mbili au tatu. Majibu yao yalikuwa sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani likubali dozi moja, na Aprili 2024 Tanzania yenyewe ikaanza kutoa dozi moja.

Huo ndio mji ambao korona iliukuta: hospitali ya rufaa ya kanda kule juu Bugando, chuo kikuu cha tiba pembeni yake, hospitali ya mkoa ya Sekou Toure chini mjini, NIMR Isamilo, kitengo maalumu cha majaribio ya tiba, wauguzi wanaojua kumweleza mama wa Kisukuma kwa Kisukuma kwamba dawa hii bado hatujui kama inasaidia. Halafu likatokea nini? Takwimu za taifa zilikoma tarehe 29 Aprili 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21. Siku chache baadaye nchi ikawa inazungumzia sampuli za papai na mbuzi, ambazo Rais John Magufuli alisema maabara ilizikuta na korona. Mei hiyohiyo waziri Palamagamba Kabudi akaenda Madagascar kuchukua kinywaji cha Covid-Organics, na mtaani kila ua likafuka moshi wa nyungu, majani ya mwarobaini, michaichai na mpera vikichemka kwenye sufuria kubwa. Hakuna jaribio linaloweza kufanyika pasipo kupima ugonjwa. Ukishaamua kutohesabu wagonjwa, umeshaamua kutojua dawa.

Nisieleweke vibaya kuhusu nyungu. Mimi sicheki nyungu, na wanaoicheka wengi wao walijifukiza gizani. Kosa lilikuwa kuipa cheo cha tiba bila kuiweka kwenye mizani ileile iliyowekewa asikilova. Na mizani ilikuwepo: Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Afrika walipitisha utaratibu wa kupima dawa za asili dhidi ya korona, hadi hatua ya majaribio makubwa. Wangechukuliwa wagonjwa waliothibitishwa ambao hawajazidiwa, kura ikaamua nani ajifukize na nani asijifukize, wote wakapata uangalizi uleule, kisha wakahesabiwa waliofikia kuwekewa oksijeni, pamoja na walioungua kwa mvuke, maana nao wapo. Miezi mitatu ingetosha kutoa jibu. Kama nyungu inasaidia, Tanzania ingekuwa imeipa dunia dawa isiyo na gharama. Kama haisaidii, tungekuwa tumeokoa kuni na watu waliochelewa hospitali kwa kuingoja ifanye kazi. Anayeiamini nyungu kwa dhati ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kudai ipimwe.

Wakati huohuo nchi 13 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ziliungana Novemba 2020 kwenye jaribio la ANTICOV, lililopima dawa zilizopo kwa wagonjwa ambao hali yao haijawa mbaya, hasa ili wasifike hatua ya kuhitaji vitanda ambavyo hatuna. Sisi hatukuwemo.

Najua jibu litakalokuja: hatutaki kufanywa panya wa maabara. Hofu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Tarehe 1 Aprili 2020, kwenye televisheni ya Ufaransa, daktari Jean-Paul Mira aliuliza kama chanjo ya kifua kikuu, BCG, isingefaa kupimwa dhidi ya korona barani Afrika, ambako alisema hakuna barakoa wala matibabu. Bara zima lilipandwa na ghadhabu, na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyaita maneno ya namna hiyo mabaki ya fikra za kikoloni. Ghadhabu ilistahili. Kosa la Mira lilikuwa kutuona tunafaa kupimiwa kwa sababu hatuna kinga nyingine. Ila tulichofanya baada ya ghadhabu ndicho kinachoniudhi. Tulikataa kupimwa, kisha tukameza kila kitu bila kupimwa. Mama wa Buzuruga aliyeuziwa dukani azithromaisini, vitamini na vidonge vya kunenepesha kwa pamoja alikuwa kwenye jaribio pia. Tofauti ni kwamba hakusaini ridhaa, hakuna aliyempigia simu kuuliza hali, hakukuwa na kamati ya maadili ya kusimamisha mambo yakiharibika, na akifa, kifo chake hakimfundishi yeyote kitu. Yule mhudumu wa baa wa mwaka 2005 alikuwa na haki zaidi yake: alielezwa, aliruhusiwa kukataa, aliruhusiwa kujitoa katikati bila kunyimwa huduma.

Pia tusidanganyane kwamba kila kinachoitwa utafiti ni msafi. Ivamektini ilivuma sana kwa sababu ya andiko moja kutoka Misri lililoonyesha inapunguza vifo mno. Julai 2021 liliondolewa baada ya kugundulika takwimu zenye dalili za kupikwa. Jaribio la Brazil la wagonjwa 1,358, lililochapishwa Machi 2022, halikuona faida. Dawa hiyo inabaki kuwa mkombozi wa macho ya watu dhidi ya usubi, na waliochangia kuigundua walipata Nobel ya mwaka 2015 kwa haki. Kwa korona, hapana.

Kinachotakiwa sasa si hotuba. RECOVERY ilimpata mgonjwa wake wa kwanza siku tisa tangu rasimu ya kwanza ya itifaki, yaani mpango wa jaribio, iandikwe, kwa sababu Waingereza waliifanya fomu iwe fupi kiasi kwamba daktari aliyechoka usiku wa manane aliweza kuijaza. Lakini mfano mzuri zaidi uko karibu, Kampala. Mwaka 2022 Uganda ilipopata Ebola ya aina ya Sudan, chanjo za majaribio zilifika mlipuko ukiwa unakwisha, zikawa hazina wa kupimwa. Wenzetu hawakuzirudisha tu na kusahau. Itifaki iliandaliwa, vibali vikatafutwa mapema, dozi zikahifadhiwa nchini. Mlipuko mwingine ulipotangazwa tarehe 30 Januari 2025, jaribio la chanjo lilianza tarehe 3 Februari. Siku nne.

Upande wetu wa ziwa homa ya Marburg ilitokea Kagera mwaka 2023, ikarudi Januari 2025 Biharamulo. Itatokea tena, au litakuja jingine lisilo na jina bado. Itifaki ya jaribio la dawa zilizopo kwa homa kali zenye kubana pumzi inaweza kuandikwa mwaka huu, ikapitiwa na kamati ya maadili na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kabla hakujawa na mgonjwa hata mmoja, ikaachiwa nafasi tupu tu pa kuandika jina la ugonjwa na jina la dawa. Fomu ziwe za Kiswahili, za kurasa mbili. Hospitali za mikoa ya kanda, Bukoba, Musoma, Geita na Shinyanga, ziwe zimeshaandikishwa na wauguzi wake kufundishwa, na mitungi ya oksijeni ihesabiwe, maana hata deksamethasoni bila oksijeni ni nusu ya tiba. Nyaraka zenyewe ningependa zikae Isamilo badala ya Dodoma, kwa waliowahi kuhesabu 27 na 28, na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzifungua bila kusubiri simu kutoka juu.